Bibi aliyeendesha biashara miaka 70 bila jina lake kuwamo daftarini

WASIFU wa marehemu uliosomwa siku tulipomzika Bibi, mwaka 2022, haukuchukua hata dakika tano. Ulitaja alikozaliwa, alikobatizwa, mwaka alioolewa, watoto saba aliowazaa, wajukuu, vitukuu, na maradhi ya miguu yaliyomsumbua hadi mwisho. Kuhusu kazi yake ulikuwa na sentensi moja tu: "Marehemu alikuwa mkulima."

Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini kwa mtu aliyesomea uchumi wa kilimo ni sawa na kufunga hesabu za kampuni iliyodumu miaka 70 kwa kuandika kwamba "kampuni ilifanya biashara". Haisemi mtaji ulitoka wapi, nani alifanya kazi, faida ilikwenda wapi, wala kampuni ilinusurika vipi wakati nyingine za jirani zilipoanguka.

Makala haya yanajaribu kuandika hesabu hizo. Lengo si kumsifu marehemu peke yake, ingawa sifa anastahili. Karibu kila boma la mkulima lina mama wa namna hii. Wengi wao wako hai, wanaamka saa kumi na moja alfajiri, na hakuna mwenye kalamu anayeandika wanachofanya. Kisha siku wanapoondoka, familia inagawana ardhi bila kujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kinaifanya ardhi hiyo itoe pato.

Kihamba cha ekari mbili

Bibi alizaliwa upande wa Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tarehe hakuijua. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba alizaliwa wakati wa nzige. Miaka hiyohiyo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wakijipanga. Chama chao cha kwanza, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa hiyo Bibi alikua pamoja na kahawa.

Aliolewa mwaka 1950 akakuta kihamba cha ekari mbili. Kwa msomaji asiyeijua Kilimanjaro, kihamba ni shamba la nyumbani. Juu kuna migomba, chini ya kivuli chake kuna mibuni, chini zaidi magimbi na mboga, ng'ombe yuko bandani, na makaburi ya wazee yako pembeni. Mbali na kihamba, kwenye tambarare, mwendo wa saa mbili kwa miguu, familia ilikuwa na shamba jingine la mahindi na maharage.

Mgawanyo wa mali ulikuwa wazi. Kahawa ilikuwa ya mwanamume. Babu ndiye aliyekuwa na namba katika chama cha msingi, ndiye aliyekwenda kupima, na ndiye aliyepokea risiti na fedha. Ndizi, maziwa na kuku vilikuwa mikononi mwa mwanamke.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa namna nyingine. Kahawa mbivu huchumwa kwa mkono, punje kwa punje, na mti mmoja hurudiwa mara kadhaa kwa sababu haziivi pamoja. Ikishachumwa haina budi kumenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, ivundikwe hadi utelezi uachie, ioshwe kwa maji mengi, kisha ianikwe kwenye chekeche kwa siku nyingi ikigeuzwa na kufunikwa mvua inapotishia. Zinahitajika kilo tano au zaidi za kahawa mbivu kupata kilo moja ya kahawa ya maganda. Aliyechuma ni Bibi na watoto. Aliyechota maji ya kuoshea ni Bibi. Aliyekimbia kufunika chekeche mawingu yalipotanda ni Bibi.

Babu hakuwa mtu mbaya, na haya hayaandikwi ili kumlaumu. Alipogoa mibuni, alipiga dawa, alichimba mifereji na wenzake. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa zamani zile. Lakini ukisoma madaftari ya chama, utadhani kahawa ile ilizalishwa na mtu mmoja.

Pesa ya siku, ya wiki na ya mwaka

Siri ya kwanza ya Bibi ilikuwa kuelewa kwamba fedha zina ratiba yake. Kahawa ililipa kwa msimu. Kulikuwa na malipo ya kwanza baada ya kupima, kisha ya pili, na ya mwisho ambayo huenda yakachelewa miezi mingi. Tumbo la mtoto halisubiri malipo ya pili.

Kwa hiyo alipanga mazao kwa jinsi yanavyoleta fedha. Maziwa na mayai yalikuwa pesa ya siku: chumvi, mafuta ya taa, sabuni. Ndizi zilikuwa pesa ya wiki, kwa sababu siku ya soko inarudi kila wiki na mgomba haukosi mkungu ukitunzwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi mbivu na ulezi, ilikuwa pesa ya shida maalumu. Mchungaji hakupenda habari ya mbege, lakini ada ya shule ilipokaribia hakuna aliyeuliza sana. Mahindi na maharage ya tambarare yalikuwa akiba ya ghalani, hayakuuzwa mpaka mavuno mapya yaonekane shambani. Mbuzi na ndama walikuwa benki.

Leo wataalamu huita mpango wa namna hii kugawanya hatari. Sisi tulioupata darasani tulifundishwa kwa michoro na kanuni. Bibi, ambaye shule yake iliishia darasa la pili, alikuwa anaufanya tangu miaka ya 1950.

Siri ya pili ilikuwa kujua aina za ndizi na wateja wake. Mchare, inayopendwa kwa kupika, aliipanda karibu na zizi ambako mbolea ni nyingi, kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri kwa wafanyabiashara waliotoka mbali. Kisukari alikiacha kiivie nyumbani akauza vichana vidogo kwa wanafunzi na wasafiri. Ndizi za pombe aliziweka mpakani mwa shamba. Mgomba ulioanguka kwa upepo haukuwa hasara kamili: ndizi changa zilipikwa, shina lililishwa ng'ombe, majani makavu yalitandazwa kwenye mibuni kutunza unyevu.

Hakuuza ndizi zake peke yake. Kuanzia miaka ya 1960 alinunua mikungu kwa majirani wasiopenda kwenda sokoni, akaibeba kichwani mpaka Mwika, akauza na kubaki na tofauti. Baadaye yeye na wanawake wengine watano walianza kukodi pikapu kwa pamoja. Kila mmoja alilipa kwa idadi ya mikungu yake, si kwa kichwa. Utaratibu huo mdogo ndio uliowawezesha kufika na mzigo mkubwa na kumsubiri mnunuzi wa bei nzuri. Anayefika na mkungu mmoja kichwani, amechoka na jua linazama, huuza kwa bei ya dalali.

Mafundo matatu ya kanga

Bibi hakuwa na daftari. Alikuwa na kanga. Kwenye pindo la kanga yake ya sokoni alifunga mafundo matatu. Fundo la kwanza lilikuwa la matumizi ya nyumbani. La pili lilikuwa la shule. La tatu lilikuwa la kununulia ndizi wiki inayofuata, yaani mtaji.

Kanuni yake ilikuwa moja: fundo la tatu halifunguliwi kwa ajili ya chakula. Nakumbuka shangazi yangu akisimulia jinsi walivyowahi kulala na uji mtupu huku mama yao ana fedha kwenye pindo. Watoto walinung'unika. Bibi aliwajibu kwamba wakila fedha ya ndizi leo, Jumatatu watakula kanga yenyewe.

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaosoma ukurasa huu watakubali kwamba biashara nyingi hazifi kwa kukosa wateja, bali kwa sababu mtaji umeliwa. Mwenye genge hutoa fedha ya kununulia nyanya akalipia msiba, kisha harusi, kisha dawa, na mwezi wa tatu genge limefungwa. Mafundo ya Bibi yalifanya kazi ambayo leo hufanywa na akaunti tofauti za benki au za simu. Chombo kimebadilika, lakini nidhamu inayotakiwa ni ileile.

Alikuwa pia katika upatu wa wanawake kumi. Zamu yake ilipofika hakununua vyombo. Alinunua mabati, machache kila zamu, akayaweka uvunguni. Jiko lake lilipata paa la bati kabla ya nyumba kubwa.

Kahawa ilipoyumba

Mtu anayesoma historia ya kahawa ya Kilimanjaro ataona jinsi bei ilivyopanda na kushuka kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na kihamba. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni nchini Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya dunia ikapaa. Miaka hiyo Babu alijenga nyumba ya matofali. Wakati huohuo, mwaka 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vilikuja kurudi katika miaka ya 1980.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni. Fedha ya kahawa iliweza kuwepo na bado kusiwe na kitu cha kununua dukani. Boma letu halikulala njaa kwa sababu ndizi zilikuwa za mtu mwenyewe na zilibadilishwa kwa maharage na samaki wakavu.

Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulisimamishwa na bei ikaporomoka. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini. Mwaka 2001 na 2002 bei ya dunia ilifika chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo mingi. Wapo majirani waliong'oa mibuni wakapanda nyanya na mboga. Wapo waliouza sehemu ya kihamba.

Babu alikuwa amefariki mwaka 1987. Bibi alibaki na watoto watatu ambao bado walikuwa shuleni, wakati ambapo ada ya sekondari ilikuwa mzigo halisi wa mzazi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali haikufutwa mpaka mwaka 2016. Hakung'oa mibuni yote. Aling'oa ile mizee iliyokuwa haitoi hata nusu kilo, akaacha iliyo na nguvu, na nafasi iliyopatikana akaongeza migomba. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungu, ilipoanza kusambaza aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani katika miaka ya 2000, alichukua miche michache, akaiangalia misimu miwili, ndipo akaongeza. Hakuwa mtu wa kukimbilia jipya wala wa kulikataa.

Watoto wote watatu walimaliza shule. Ukiuliza kwa fedha gani, wengi watajibu haraka kwamba ni kahawa, kwa sababu Kilimanjaro tumezoea kusema hivyo. Katika boma letu jibu sahihi ni ndizi na maziwa.

Kuna jambo moja zaidi la miaka ile. Kahawa aliyoivuna Bibi baada ya 1987 iliendelea kupimwa kwa namba ya Babu. Msimu baada ya msimu, karani wa chama cha msingi aliandika jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Bibi alipewa fedha kama "mke wa mwanachama". Mkutano mkuu ulipoitwa, hakuwa na kura. Alizalisha kahawa karibu miaka 20 katika hali hiyo, na hadi leo hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kuuza hata kilo moja.

Ng'ombe na faida isiyoonekana

Katikati ya miaka ya 1980 Bibi alipata mtamba wa kisasa kwa utaratibu wa kukopa mtamba na kulipa ndama jike. Akalipa ndama wa kwanza, akabaki na ng'ombe wake. Kuanzia hapo maziwa yakawa pato kubwa kuliko yote ya kihamba. Hapa ndipo hesabu yake inapofundisha zaidi, kwa hiyo naomba msomaji achukue kalamu.

Ng'ombe wa kilo 400 anayefungiwa bandani anahitaji majani mabichi ya kiasi cha kilo 40 kwa siku, na maji ya kunywa yapata lita 50. Mwanamke akibeba kilo 20 kichwani, hiyo ni mizigo miwili ya majani kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwa mwaka ni mizigo 730. Bibi alifanya kazi hiyo kwa miaka 20, yaani mizigo 14,600, mingi ikitoka tambarare na kupandishwa mlimani. Hapo bado maji, kukamua mara mbili, kusafisha banda na kusambaza samadi kwenye migomba.

Sasa weka hapo bei ya kibarua ya kijijini kwako kwa mzigo mmoja wa majani. Zidisha kwa 730. Linganisha na fedha ya maziwa ya mwaka baada ya kutoa pumba, dawa na huduma ya daktari wa mifugo. Katika maboma mengi niliyopiga nayo hesabu hii, sehemu kubwa ya kile tunachokiita faida ya ng'ombe ni mshahara wa mtu ambaye hakulipwa.

Sisi tulilithibitisha jambo hilo bila kukusudia. Magoti ya Bibi yalipokataa, watoto wake walioko mjini walikubaliana kuajiri kijana wa kazi. Ng'ombe alikuwa yuleyule, banda lilelile, na maziwa karibu kiasi kilekile. Baada ya miezi michache hesabu ilionyesha kwamba maziwa yanalipia chakula cha ng'ombe na dawa tu; mshahara wa kijana ulitoka mifukoni mwa watoto. Wote walishangaa ng'ombe "ameacha kuwa na faida". Ukweli ni kwamba ng'ombe hakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kazi ilianza kulipwa.

Mwaka 2011 shangazi yangu, mtoto wa nne wa Bibi, aliacha ushonaji wake mjini Moshi akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Kijana wa kazi akaondoka. Faida ikarudi. Familia ikafurahi, na hakuna aliyeuliza imerudi kutoka wapi.

Kikao cha familia

Swali hilo lilikuja lenyewe baada ya maziko, ukoo ulipokaa kuzungumzia mali. Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi na kihamba chake huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Baba mdogo ndiye huyo, naye anaishi Dar es Salaam na huja Desemba kama wengi wetu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kwamba nyumba iwe yake, shamba la tambarare liuzwe fedha zijenge nyumba ya kisasa ya kufikia wakati wa Krismasi, na shangazi "aendelee kuangalia nyumba".

Neno "aendelee" lilipita haraka kana kwamba ni jambo la heri. Shangazi alikuwa ameishi hapo miaka 11. Alimuuguza Bibi, akambeba kwenda kujisaidia, akakata majani, akauza maziwa, akatunza migomba. Alikuwa na umri wa miaka 60. Kuendelea huko kulikuwa na maana ya kufanya kazi ya mtu mwingine kwenye ardhi ya mtu mwingine, na siku yoyote baba mdogo au watoto wake wakiamua vinginevyo, hana pa kusimama.

Wajukuu tuliomba kikao kiahirishwe siku moja. Tuliandika hesabu ya miaka hiyo 11 kwenye karatasi mbili: mizigo ya majani, lita za maziwa zilizouzwa, fedha zilizotumwa kutoka mjini na tarehe zake kwenye simu, na gharama ambayo ingelipwa kama angeajiriwa mtu wa kumuuguza mgonjwa usiku na mchana. Hatukuweka maneno ya kulaumu. Tuliweka namba, tukampa mzee wa ukoo azisome kwa sauti.

Mazungumzo yalibadilika. Hayakuwa mepesi. Baba mmoja alisema desturi haipigiwi hesabu. Mwingine alijibu kwamba desturi ileile inataka mwenye kurithi boma awatunze walio ndani yake. Mwishowe ilikubaliwa kwamba nusu ekari ya kihamba, yenye jiko la Bibi na banda, iandikwe kwa jina la shangazi, na ng'ombe na ndama wawe wake. Sehemu nyingine ibaki kwa baba mdogo. Shamba la tambarare lisiuzwe bali likodishwe, na kodi itunze makaburi na njia. Wawili kati ya ndugu walichelewa kusaini, lakini walisaini. Maombi ya hati ya kimila yalipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, na wakati makala haya yanaandikwa yalikuwa bado yanashughulikiwa.

Sheria haiko mbali

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi. Lakini sheria za nchi zilishayazungumza. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi kama mwanamume, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo.

Tatizo ni kwamba sheria huangalia ushahidi, na mama zetu hawana karatasi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya familia yenyewe. Haya yafuatayo yanaweza kuanza mwezi huu bila gharama kubwa.

Kwanza, kaa na mama au bibi aliye hai, mwulize alianzaje, alinunua nini kwa fedha ipi, nani alimuuzia ardhi, mpaka uko wapi na mashahidi ni nani. Andika, soma tena mbele yake, mweke tarehe.

Pili, weka daftari la boma lenye safu moja ya ziada: safu ya nani alifanya kazi. Mzigo wa majani, debe la maji, siku ya palizi. Usiweke bei kama hutaki, andika idadi tu. Idadi itajisemea yenyewe siku ya hesabu.

Tatu, kama mwanachama wa chama cha msingi amefariki, usiache namba yake iendelee miaka. Anayezalisha ajiunge kwa jina lake. Kuwa mwanamke si kizuizi cha uanachama, na mwanachama ndiye mwenye kura kuhusu bei, makato na mikopo.

Nne, mnapoomba hati ya hakimiliki ya kimila, mume na mke waandikwe wote wawili. Fomu inaruhusu. Ni rahisi kuandika majina mawili wakati wote wako hai kuliko kubishana kuhusu jina moja baada ya mazishi.

Tano, mwenye mali aandike wosia mapema, mbele ya mashahidi wa ndani na nje ya ukoo, na amtaje kwa jina yule anayebaki nyumbani kufanya kazi. Mara nyingi huyo ni binti ambaye kila mtu anamshukuru na hakuna anayemwandika.

Kwa wafanyabiashara wadogo, mafundo matatu yanabaki kuwa shule nzuri. Tenga matumizi, tenga malengo, tenga mtaji, na mtaji usiguswe kwa chakula. Bibi aliishi nao kupita uhaba, kupita kuporomoka kwa kahawa na kupita ujane, na fundo la tatu lilikuwa na fedha hata alipoacha kwenda sokoni akiwa na miaka karibu 80.

Shangazi ameuza ndama dume na kwa sehemu ya fedha hizo amejiunga na kikundi cha wauza maziwa cha kijijini. Katika daftari la kikundi, lita zake za asubuhi na za jioni zinaandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.